Picha Nyingi Kuwa Moja: Namna ya Kuunganisha Picha za Miradi kwa Programu Nyepesi za Kompyuta



Kila robo mwaka ofisi yetu hupokea taarifa za utekelezaji kutoka parokia zilizo juu ya uwanda wa Ufipa, zile za bondeni upande wa Ziwa Rukwa na zile za mwambao wa Tanganyika. Karibu zote huja na picha, na siku hizi picha ni nyingi kwa kuwa kila mjumbe ana simu yenye kamera. Tatizo letu si uchache wake. Picha ishirini za bomba moja hazimwelezi mfadhili hali ya mradi, na picha moja ya mteremko haionyeshi mteremko. Aliyewahi kusimama ukingoni pale barabara inapoanza kushuka kutoka Sumbawanga kwenda Muze anajua tunachosema: mji uko kwenye mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, bonde la Rukwa liko chini kwa takriban mita 1,000 zaidi, na hakuna kamera ya simu inayoweza kubeba yote hayo kwa mbofyo mmoja.

Makala haya yanaeleza namna ya kuunganisha picha kadhaa ziwe moja kwa kutumia kompyuta ya kawaida ya ofisi ya parokia, bila kuhitaji intaneti wakati wa kazi. Tunaeleza pia pale ambapo picha iliyounganishwa inaweza kumdanganya msomaji hata kama aliyeiunganisha hakukusudia. Sehemu hiyo tumeirefusha, kwa kuwa fedha za mradi wa awamu ya pili mara nyingi huamuliwa na watu ambao hawatafika Ufipa kamwe. Wao wanaona picha tu.

Aina tatu za kuunganisha

Ni vema kutofautisha kazi tatu ambazo watu huziita kwa jina moja.

Ya kwanza ni kupanga picha ubavu kwa ubavu, kwa mfano chanzo cha maji kabla ya kujengewa na baada ya kujengewa. Hapa picha hazichanganyikani. Kila moja inabaki na mpaka wake, isipokuwa zimewekwa katika faili moja. Ya pili ni kushona picha zilizopigwa kutoka sehemu moja, zinazoingiliana pembeni, hadi zikawa mandhari moja pana isiyo na mshono. Ya tatu ni kuunganisha vipande vya kitu kilicho bapa, hasa ramani au mchoro mkubwa uliopitishwa kwenye skana ndogo vipande vipande.

Kazi ya kwanza ndiyo inayohitajika mara nyingi, na ndiyo rahisi. Tuanze nayo.

Kupanga ubavu kwa ubavu

Programu tunayoipendekeza ni IrfanView. Ilitungwa na Irfan Škiljan, kijana wa kutoka Bosnia aliyekuwa akisoma Vienna, Austria, na ilianza kutolewa mwaka 1996. Faili yake ya kuiweka kwenye kompyuta ni megabaiti chache tu, kwa hiyo inaweza kubebwa kwenye flashi kutoka mjini hadi parokia isiyo na mtandao, na inafanya kazi vizuri hata kwenye zile kompyuta za zamani tulizopewa kwa msaada ambazo programu kubwa zimezishinda. Kwa mujibu wa masharti ya mwenyewe, hailipiwi kwa matumizi ya nyumbani, ya shule, na ya mashirika ya hisani na ya kibinadamu. Ofisi za biashara zinatakiwa kununua leseni. Tunalisema hili kwa sababu tumeona parokia zikitumia programu za picha zilizovunjwa kufuli, ambazo huleta virusi na kwa kweli ni mali ya wizi.

Kabla ya kuunganisha, punguza picha. Picha ya simu ya kawaida ina pikseli 4,000 kwa 3,000 na uzito wa megabaiti tatu hadi tano. Picha sita za namna hiyo zinaweza kuzidi megabaiti 25, ambacho ndicho kikomo cha viambatisho katika barua pepe ya Gmail. Sasa angalia kinachohitajika kweli. Karatasi ya A4 iliyolazwa ina upana wa sentimita 29.7. Ikichapwa kwa nukta 150 kwa kila inchi, ambazo zinatosha kwa taarifa, upana wote ni pikseli 1,750 hivi. Maana yake picha mbili zenye upana wa pikseli 850 kila moja zinajaza ukurasa mzima, na faili yake inapita hata kwenye mtandao wa kusuasua.

Fungua picha ya kwanza, bonyeza Ctrl na R kwa pamoja, andika upana 850, kisha hifadhi kwa jina jipya. Fanya hivyo kwa ya pili. Hakikisha zote mbili zina kimo kimoja. Kama moja imepigwa kwa kusimamisha simu na nyingine kwa kuilaza, hazitakaa vizuri pamoja, na ni afadhali kutafuta nyingine. Halafu nenda kwenye menyu iitwayo Image, chagua Create Panorama Image, ongeza picha zako kwa mpangilio unaotaka, chagua kama zikae kwa mlalo au kwa wima, na uamuru picha itengenezwe. Jina hilo la menyu lisikupotoshe: programu hii haishoni mandhari, inapanga tu picha bega kwa bega. Kwa kazi ya kabla na baada, hicho ndicho tunachokitaka, tena acheni mstari mweupe kati ya picha na picha ili msomaji aone wazi kwamba ni mbili.

Neno «hifadhi kwa jina jipya» tunalirudia kwa makusudi. Picha ya asili isiguswe. Picha iliyopunguzwa haiwezi kurudishwa ukubwa wake, na mkaguzi akija anaomba ya asili.

Oktoba na Februari

Sasa tunafika penye jambo lenyewe. Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mwezi Oktoba nyasi ni kavu, sehemu nyingi zimeungua kwa moto, ardhi ni nyekundu na vijito vingine vimebaki kamba ya tope. Mwezi Februari mahali palepale ni kijani kitupu na maji yanapiga kelele. Ukichukua picha ya Oktoba ukaiita «kabla», ukachukua ya Februari ukaiita «baada», kisha ukaziunganisha ubavu kwa ubavu, mradi wowote duniani utaonekana umefaulu. Hata kama hamkupanda mti hata mmoja, picha itaonyesha kwamba nchi imefufuka. Mvua ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Hatusemi kwamba kamati zinafanya hila. Mara nyingi hutokea hivyo kwa sababu ya kalenda ya fedha: mradi unaandikwa na kupigwa picha wakati wa kiangazi, na taarifa ya kwanza inadaiwa katikati ya masika. Lakini mfadhili mwenye uzoefu wa Afrika Mashariki anaujua mchezo huu, na akiugundua mara moja hataamini tena hata picha zilizo za kweli.

Basi utaratibu tunaouomba ni huu. Picha za kuunganisha kwa ajili ya kulinganisha zipigwe mwezi uleule wa miaka tofauti, kutoka pale pale, simu ikielekea upande uleule na bila kuvuta kitu karibu. Weka alama pa kusimama: jiwe lililopakwa chokaa linatosha, au kona ya tangi. Beba ile picha ya kwanza iliyochapwa unapokwenda kupiga ya pili, ulinganishe kilima na mti wa nyuma kabla hujabofya. Kama ratiba ya taarifa hailingani na msimu, unganisha picha tatu badala ya mbili: Oktoba ya mwaka wa kwanza, Februari, na Oktoba ya mwaka wa pili. Msomaji ataona mwenyewe kipi ni cha mvua na kipi ni cha mradi.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao unawahusu wafadhili wetu. Wakulima wa Kifipa wana kilimo cha ntumba, yaani matuta ya duara yanayotengenezwa wakati mvua bado zipo kwa kuzika nyasi chini ya udongo ili zioze na kuwa mbolea ya msimu unaofuata. Shamba lililokuwa na nyasi nyingi mwezi mmoja linaonekana tupu mwezi unaofuata, limejaa vichuguu vya udongo mweusi. Mgeni akiwekewa picha hizo mbili pamoja bila maelezo anaweza kudhani mkulima ameharibu ardhi, kumbe huo ndio ufundi wa babu zake wa kuirutubisha. Maelezo chini ya picha ni sehemu ya picha.

Kushona mandhari pana

Kwa kazi ya pili IrfanView haitoshi. Hapa tunatumia Hugin, programu huria isiyolipiwa na yeyote, iliyojengwa juu ya kazi ya Helmut Dersch, profesa wa Ujerumani aliyeanza kutoa zana zake za kuunganisha mandhari mwaka 1998. Wapo wanaokumbuka programu nyepesi ya Microsoft iliyoitwa Image Composite Editor. Ilikuwa nzuri, lakini wenyewe wameacha kuigawa, na nakala zinazozagaa kwenye tovuti nyingine hatushauri kuzipakua.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Programu inatafuta katika kila picha vidoa vinavyojitofautisha, kama kona ya paa, jiwe, tawi, au mkutano wa njia mbili. Kisha inatafuta vidoa hivyo hivyo katika picha ya jirani. Ikipata vya kutosha, inakokotoa kamera iligeuka kiasi gani kati ya picha na picha, inazikunja ili zilingane, inasawazisha mwanga na kufifisha mshono. Njia ya kompyuta kutambua vidoa hata kama picha imeinama au imekuzwa ilielezwa na David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, mwaka 1999, na baadaye yeye na mwenzake Matthew Brown waliitumia kutengeneza programu iliyoshona mandhari bila mtu kuielekeza.

Ukielewa hilo unaelewa kwa nini Ufipa ni mahali pagumu kwa kazi hii. Uwanda wetu ni nyasi na anga, na jani la nyasi linafanana na jingine. Anga halina vidoa kabisa, na mawingu yenye vidoa yanatembea. Picha mbili za nyasi tupu haziwezi kushonwa, hata kwa programu ya gharama kubwa. Dawa ni kuhakikisha kwamba katika kila sehemu inayoingiliana kuna kitu cha kushikilia: kichuguu, mti, nyumba, mwamba. Kama hakuna, msimamishe mjumbe mmoja pale akiwa na kitambaa, na asitikisike hadi picha zote mbili zipigwe.

Wakati wa kupiga, simama mahali pamoja na ugeuke kama bawaba ya mlango. Usitembee. Ukitembea, vitu vya karibu vinahama kuliko vya mbali, na programu haitajua imsadiki nani. Ndiyo sababu usiweke nguzo ya uzio mita moja mbele ya kamera, itakatika vipande. Simamisha simu wima, kwa kuwa picha za wima zinapata mteremko wote, juu hadi chini. Kila picha irudie karibu theluthi moja ya iliyotangulia. Katika simu nyingi, ukigusa kioo na kushikilia kidole kwa muda, kipimo cha mwanga kinafungwa kisibadilike, vinginevyo picha inayoelekea jua itakuwa giza na ya upande wa pili itakuwa nyeupe. Asubuhi ni bora. Kuanzia Agosti moshi wa mioto na vumbi huziba bonde lote ifikapo saa sita.

Kwenye kompyuta, tena, punguza kwanza. Picha sita za wima zenye upana wa pikseli 3,000, zikirudia asilimia 30, zinatoa mandhari yenye upana wa pikseli 13,500 na kimo cha 4,000. Hizo ni pikseli milioni 54, na kompyuta inahitaji megabaiti 160 hivi kuishikilia picha hiyo moja tu, mbali na nafasi ya kufanyia kazi. Mashine dhaifu itaganda na mtaidhania imekufa. Zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 kila moja, mandhari yote inakuwa 5,400 kwa 1,600, ambayo ni pikseli milioni nane na nusu, na bado inaweza kuchapwa kwa upana wa sentimita 90 na kubandikwa ukutani parokiani. Baada ya hapo hatua ni tatu: pakia picha, amuru zilinganishwe, amuru mandhari itengenezwe. Nenda kanywe chai.

Simu nyingi zina kitufe cha kupiga mandhari moja kwa moja. Kinafaa kwa kumbukumbu za safari. Kwa taarifa ya mradi hatukipendi, kwa kuwa hakikuachii picha za asili moja moja za kuthibitishia.

Mita 60 za chanzo cha maji

Matumizi ambayo yameonekana kuwa na faida kubwa zaidi kwa kamati zetu za maji ni kuonyesha eneo linalozunguka chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za kingo za mito, mabwawa na vyanzo vingine vya maji. Kwenye karatasi hilo ni rahisi. Mlimani, kila mwenye shamba la mahindi anasema lake liko nje ya mita 60, na kila mjumbe wa kamati ya maji anasema liko ndani. Katika miradi ya maji ya mserereko ugomvi huu una uzito, kwa sababu jembe likifika kwenye tekeo, udongo unaingia kwenye bomba na vijiji vya chini vinakunywa tope.

Mandhari iliyoshonwa inaweza kusaidia, lakini kwa sharti moja: haipimi. Picha pana imekunjwa. Uzio ulionyooka unaonekana kama upinde, na shamba lililo katikati linaonekana karibu kuliko lile la pembeni. Ukimwonyesha mtu picha hiyo na kumwambia «tazama, umevuka», atakuwa na haki ya kukataa. Kwa hiyo pimeni kwanza kwa futikamba, mwenye shamba na mwenyekiti wa kitongoji wakiwapo. Chomekeni miti mirefu yenye vitambaa vyeupe kila upande kwenye mita 60. Ndipo mpige mandhari kutoka ng'ambo ya bonde. Miti ile ndiyo ushahidi; picha inabeba tu habari ya mahali ilipokuwa siku hiyo. Nakala iende kwa serikali ya kijiji na kwa RUWASA wilayani, wakala uliokabidhiwa maji vijijini tangu mwaka 2019, na nyingine ibaki parokiani.

Watu wanaoonekana mara mbili

Mtu akitembea wakati unapiga picha za kushona, anaweza kuonekana mara mbili, au akatokea nusu. Tumeona mandhari ambamo mtoto mwenye ndoo ya njano yuko upande wa kushoto na yuko tena kulia, na ng'ombe mwenye miguu sita. Inachekesha. Lakini ikiwa ni picha ya mkutano wa hadhara na taarifa inasema waliohudhuria ni wengi «kama picha inavyoonyesha», haichekeshi tena. Idadi ya watu isitolewe kwenye picha iliyoshonwa hata siku moja. Karatasi ya mahudhurio yenye sahihi ndiyo inayohesabika, na kwa mkutano ni afadhali picha mbili za kawaida, moja kutoka mbele na moja kutoka nyuma.

Hugin inakuruhusu pia kuficha sehemu ya picha ili mtu aliyejirudia aondolewe. Kumwondoa aliyerudiwa ni kusahihisha. Kuondoa bomba lililopasuka, au rundo la saruji iliyoganda kwa kunyeshewa, ni jambo jingine kabisa. Mpaka tuliouweka ni kwamba kilichokuwapo pale kinabaki, na kila picha iliyounganishwa iandikwe chini yake kwamba imeunganishwa, ni picha ngapi, na zilipigwa tarehe gani.

Ramani na michoro

Parokia kadhaa zina ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000, na vijiji vina michoro ya mpango wa matumizi ya ardhi. Skana ya ofisini inachukua A4 tu. Pitisha ramani vipande vipande, kila kipande kirudie sentimita tatu hadi tano za kile cha jirani, na usiizungushe ramani kati ya kipande na kipande. Ukishaunganisha, kagua kwa mistari ya gridi. Katika kipimo hicho kilometa moja ardhini ni sentimita mbili kwenye karatasi. Chapa ramani kwa ukubwa wake halisi, weka rula kwenye kila mraba unaopita juu ya mshono, na kama si sentimita mbili kamili, rudia. Kosa la milimita mbili kwenye mshono ni mita 100 ardhini, na kuna mipaka ya vijiji ambayo watu wameigombea kwa chini ya hapo. Ramani iliyounganishwa kwa njia hii ni ya kujadilia kikaoni. Isitumike kuamua mpaka. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi.

Wenye kutaka kujua kazi hii inapofika ikifanywa kitaalamu watazame Zanzibar. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba. Maelfu ya picha zilizoingiliana yakaunganishwa kuwa ramani ya picha inayoonyesha hadi paa la nyumba moja moja. Msingi ni uleule wa vidoa vinavyofanana, ila wao waliunganisha pamoja na vipimo vya mahali, ndiyo maana yao inapimika na yetu haipimiki.

Kwa parokia za zamani tuna ombi la ziada. Wamisionari wa Afrika walifika Karema mwaka 1885, na baadaye wakapanda kwenye uwanda. Baadhi ya nyumba za mapadre na masista bado zina albamu za picha za zamani za makanisa, mashamba na misitu. Zipitisheni kwenye skana kabla mchwa hawajamaliza, kisha mtafute pale alipokuwa amesimama mpiga picha wa kale na kupiga tena. Picha ya kilima kimoja, enzi zile na leo, zikiwekwa pamoja, zinawafanya wazee wazungumze kikaoni kuliko mada yoyote ya mazingira tuliyowahi kuandaa.

Kutunza na kutuma

Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi na siku, kisha kijiji, kisha kitu kilichopigwa, ili zijipange zenyewe kwenye kompyuta. Kamera yenye betri mbovu hupoteza tarehe, kwa hiyo picha ya kwanza ya kila siku iwe ya karatasi iliyoandikwa tarehe na mahali kwa kalamu nene. Mkituma kwa WhatsApp, chagueni kutuma kama waraka, kwani picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na tarehe yake ya ndani pamoja na taarifa za mahali hufutika.

Taarifa hizo za mahali ni nzuri kwa tangi la maji, lakini ni hatari kwa nyumba ya yatima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi pia. Anayetambulika usoni aombwe ridhaa, na kwa mtoto aombwe mzazi au mlezi. Msiunganishe kamwe picha ya mtoto akiwa mgonjwa na ya mtoto yuleyule akiwa amepona ili kupendezesha taarifa, hata mfadhili akiiomba. Wafadhili, tunawaomba nanyi msiiombe. Ombeni picha za asili, ombeni tarehe, ombeni picha ya mwezi uleule wa mwaka jana. Hayo tutayatoa kwa furaha.

Kamati zinazoandaa taarifa za robo hii zije na flashi tupu ofisini Sumbawanga. Tutawawekea IrfanView na Hugin, pamoja na seti ya picha sita za mteremko kwa ajili ya mazoezi. Ofisi iko wazi siku za kazi. Siku ya gulio foleni huwa ndefu, kwa hiyo wanaotoka mbali ni heri wafike asubuhi.